Kumtafutia Mama Viatu vya Kilimani

Mama yangu hajui namba ya kiatu chake na hataki kuijua. Anasema namba za viatu ni uongo wa wenye maduka: namba ileile katika duka hili inapwaya na katika duka la jirani inabana mpaka unatokwa machozi. Kwa hiyo ukitaka kumnunulia viatu hakutajii namba. Anakupa kijiti.

Jambo hili linanikera kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu hapa Bariadi mjini, nashona sare za shule, magauni ya vipaimara na mashati ya vitenge, na kutwa nzima futi ya kupimia inaning'inia shingoni mwangu. Nimewapima watu wa kila umbo, wengine wakivuta tumbo ndani ili kunidanganya. Lakini mama yangu mzazi hajakubali hata siku moja niizungushe futi ile kwenye mguu wake. Nilipojaribu aliuvuta mguu akaniambia nikapime wateja.

Kwa kijiti ndivyo tulivyolelewa kijijini kwetu Zagayu. Siku ya mnada baba alitupanga uani na kutuita mmoja mmoja. Unakanyaga kijiti, kisigino kwenye ncha moja, naye anakivunja pale kidole gumba kinapoishia. Alitumia kijiti cha mti wa pamba kwa sababu ni kikavu na kigumu, hakipindi wala hakisagiki mfukoni kama bua la mtama. Kila kijiti alikifunga uzi wa rangi yake ili asichanganye mguu wa huyu na wa yule, akavitia vyote mfuko wa shati na kuondoka. Mnadani ungewaona kina baba wengi wameinama kwenye marundo ya viatu, kila mmoja anachomeka kijiti ndani ya kiatu kuona kama kinalala vizuri na kubakiza nafasi ya ncha ya kidole. Tulivaa viatu maisha yote ya utoto wetu bila kukanyaga duka, na sikumbuki kiatu kilichonibana. Nasema hivyo ili nimtendee haki mama, maana huko mbele nitamsema.

Safari hii viatu vilikuwa vya nadhiri. Mwanangu wa mwisho aliugua sana akiwa bado ananyonya. Tulilazwa hospitali, mimi na mama tukipokezana kumshika, na asubuhi moja mama akaweka ahadi palepale kando ya kitanda: mtoto akipona, yeye mama atatembea kwa miguu yake mwenyewe na watu wa jumuiya ya kanisa mpaka kilima cha msalaba, kule upande wa Maswa, ile safari wanayoifanya kila Kwaresima. Mtoto alipona. Sasa yuko darasa la kwanza na amevunja karibu kila kitu kinachovunjika nyumbani kwangu.

Nadhiri ikawa inasogezwa. Mwaka mmoja mvua ilizidi, mwaka mwingine mama alifiwa na dada yake, mwingine pamba ilishambuliwa na wadudu na hakuna aliyetoka shambani. Hizo ndizo sababu alizozitaja. Mimi nilijua kulikuwa na nyingine. Mama alikuwa anataka baba aende naye.

Baba si mtu wa kanisa. Anamheshimu padri, kila mavuno anapeleka debe la mpunga kigangoni, na sisi watoto alituacha tubatizwe wote bila neno. Lakini yeye mambo yake huyamalizia nyuma ya zizi, anapozungumza na wazee wake waliotangulia. Kila Kwaresima mama alimwomba amsindikize, na kila Kwaresima baba aliuliza swali lilelile: atembee mpaka kilimani kumwona nani? Si kwamba ni mvivu wa kutembea. Amewahi kuswaga ng'ombe mpaka Mwanhuzi na kurudi, akafika nyumbani anauliza kama kuna kuni za kupasua. Ila kwake safari ya miguu lazima iwe na ng'ombe au iwe na msiba. Kutembea kwenda kuimba juu ya jabali na kurudi mikono mitupu aliona ni kuitesa miguu bure.

Halafu mwaka huu mama akanipigia simu, sauti imeshuka. Alisema goti la kulia limeanza kumkataa. Asipokwenda sasa hatakwenda tena, na atakufa na deni la Mungu mgongoni. "Nitafutie viatu vya kutembelea," akasema, "visiwe vya gharama, na visiwe vya kunichekesha kwa watu. Nitakuletea kijiti."

Kijiti kililetwa na jirani yetu mmoja aliyekuja sokoni kuuza mchele. Kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha kitenge na kukazwa fundo ambalo lilinichukua muda kulifungua. Nilipolifungua nikakuta vijiti viwili. Kimoja kilikuwa kirefu kuliko kingine kwa upana wa kidole na zaidi.

Mtu mwingine angepiga simu kuuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu mimi ni fundi na najua mambo. Katika kazi yangu sijampima binadamu aliye sawa pande zote mbili. Bega moja huwa limeshuka, mkono mmoja huwa mrefu, na mwenyewe hajui mpaka shati limkatae. Nikajisemea, haya, mama naye ameliona hilo kwenye miguu yake, ndiyo maana safari hii kaleta kijiti cha kulia na kijiti cha kushoto. Nilimsifu moyoni. Nikamhurumia pia, nikafikiri labda goti lile linatokana na hilo, mguu mmoja umekuwa ukibeba mwenzake miaka yote. Nilifika mbali sana na vijiti vile viwili.

Kiatu hununuliwa kwa kufuata mguu mkubwa, hilo halina ubishi. Nikaenda sokoni na kijiti kirefu.

Kumchagulia viatu mtu atakayetembea kutwa nzima katika mkoa wetu mwezi wa tatu si kazi ndogo. Kikwazo ni ule udongo mweusi wa mbugani. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa na kingo zake zinakata kama vigae. Ukinyeshewa unageuka gundi, unashika soli, kila hatua unaongeza tabaka, mpaka mtu anatembea amebeba shamba zima miguuni. Kiatu kisichofungwa kisigino kinabaki matopeni na wewe unaendelea bila kiatu. Kwa hiyo ndala sikuzitazama hata kidogo, ijapokuwa ndizo mama anazovaa siku zote, zimelika upande mmoja mpaka zinaona jua.

Nilianzia duka la vioo karibu na stendi, si kwa nia ya kununua bali nijue kiatu kizuri kinafananaje. Kijana wa duka alinitolea sendozi za watalii zenye mikanda ya kubandika, ile inayolia kraa ukiifungua. Zilikuwa nzuri, sikatai. Aliponitajia bei nilizirudisha taratibu kama mtu aliyeshika yai la mwenzake. Akaniambia hizo zinapanda mlima wowote. Nikamwambia anayezivaa ni mama yangu na mlima wake una njia ya msalaba.

Nikaenda kwenye yeboyebo. Ni rahisi, zinaoshwa kwa maji mara moja, hazinyonyi matope. Lakini mguu ukilowa ndani yake unateleza mbele na nyuma, na plastiki inauchuna ule upande wa kidole kidogo. Nilizivaa utotoni kwenda shule na kovu ninalo. Nikazipita.

Mshona katambuga alinikaribisha vizuri kuliko wote. Alikuwa amekaa juu ya tairi akikata tairi jingine, na alinieleza kwa upole kwamba kwa matope ya huku hakuna kinachoshinda tairi, maana limetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Nilijua anasema kweli. Lakini niliwaona kina mama wa jumuiya katika akili yangu, na vitenge vyao vya sare ambavyo nimewashonea mwenyewe, halafu nikamwona mama yangu katikati yao amevaa katambuga kama mchunga ng'ombe, wakati binti yake ana kibanda mjini. Alisema visiwe vya kumchekesha kwa watu. Nikamuaga yule baba.

Mwisho nikaishia kwenye mtumba, mahali ambapo ningeanzia kama ningekuwa na akili. Viatu vimemwagwa juu ya turubai, wanawake tumeinama, kila mmoja akimwona mwenzake kama mwizi. Hapo ufundi wangu ulinisaidia. Kiatu nakitazama kama ninavyolitazama shati la mtu mwingine: nakigeuza ndani nje, navuta mshono, natazama kama mkanda umeshonwa au umebandikwa kwa gundi tu. Gundi ikilowa inaachia. Nikakunja soli. Ikikunjika katikati kama chapati inachosha unyayo, ikigoma kabisa inamtesa mtu, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika. Nikatazama meno ya soli, yawe yameachana, maana yakibanana udongo wetu unakaa humo na hautoki.

Nilizipata chini kabisa ya rundo. Sendozi za kahawia, mkanda wa kisigino mzima, bizimu za chuma, soli nene. Zilikuwa za kiume. Nikachomeka kijiti kirefu, kikalala na kubakiza ncha ya kidole. Muuzaji akaniuliza nampelekea mzee? Nikamjibu ni za mama yangu. Akanitazama, akatazama kijiti, akasema mama yako ana mguu. Nikamwambia amelima maisha yake yote, mguu wake umetambaa kama boga, na kama hana la kusema kuhusu bei anyamaze. Alikuwa nalo la kusema kuhusu bei, tukasemezana mpaka wote tukachoka, tukaachana vizuri.

Nyumbani nikazisugua kwa sabuni, nikaongeza mshono kwenye kila mkanda kwa uzi wa mabegi, nikakata soli ya ndani ya sponji kwa ajili ya mguu ule mfupi usipwaye. Sijawahi kuwa na furaha vile na kitu nilichokinunua. Ijumaa nikafunga kibanda mapema, nikapanda bodaboda mpaka Zagayu, sendozi zimo kwenye mkoba, kesho yake asubuhi ndiyo safari.

Mama aliwahi kukaa kwenye kigoda kabla sijanywa hata maji. Alinawa miguu, akaikausha kwa kanga, akaniletea wa kulia. Nikamvisha. Kisigino chake hakikufika mwisho wa soli. Nikabadilisha, nikamvisha wa kushoto, na wenyewe ukaogelea. Nikaweka ile sponji. Akasimama, akapiga hatua moja, kiatu kikabaki nyuma.

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Akaniuliza kama siku hizi macho yangu yako sawa. Nikampa vijiti vyake viwili na kumwambia atazame mwenyewe, nimenunua kwa kufuata kile kirefu. Akavipokea, akavigeuza, akakanyaga kile kifupi. Kilimtosha barabara, miguu yote miwili.

"Mimi nilivunja kimoja," akasema. "Hiki kingine sikijui."

Tulikaa pale tukikitazama kijiti kile. Mama alikumbuka kwamba siku ile alifunga furushi akaliacha juu ya meza kumsubiri jirani, kisha akaenda kisimani. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu. Niliuona uso wake ukielewa kabla yangu. Mimi bado nilikuwa nahesabia hasara yangu na kujiona mjinga.

Baba aliingiza ng'ombe jua likiwa bado juu ya miti. Tulimwamkia, akaitika. Aliona sendozi zimekaa uani, akazipita kama hajaziona. Akafunga zizi. Halafu akafanya jambo ambalo hafanyi kabla ya ugali: akachota maji kwenye kopo, akaosha miguu, taratibu, mpaka katikati ya vidole. Akaja akasimama mbele ya viatu, akaingiza mguu wa kwanza, akaingiza wa pili, akafunga bizimu. Akazunguka uani mpaka kwenye ghala na kurudi.

"Changu ni kile kirefu," akasema. "Umechagua vizuri."

Kama nilitegemea mama afurahi, nilikosea. Alipandwa na hasira ambayo sijaiona siku nyingi. Alisema mwanamume huyu kila mwaka anaombwa kwa mdomo, kwa upole, na kwa maandazi, na yeye anakuja kujibu kwa kijiti. Kijiti kisicho hata na uzi wa rangi. Na sasa wa kulipa nadhiri hana viatu, na asiye na nadhiri anavyo. Baba alisikiliza yote, ameinamisha kichwa, akitazama miguu yake mipya. Hakusema kwa nini ameamua kwenda. Alisema tu kwamba alidhani fundi wa Bariadi akiona vijiti viwili atanunua pea mbili. Hapo mama akanigeukia mimi, na sikuwa na pa kujificha.

Baba ndiye aliyeondoka kwanza. Akaingia ndani, akatoka na kisu, nyundo na katambuga zake za machungani, zile za siku zote. Akamwita mama akanyage soli. Mama alikuwa bado amenuna, lakini alikwenda akakanyaga, amegeuza uso upande wa ghala. Baba akauzungushia mguu wake mkaa, akalowesha kisu kwenye maji, akaanza kukata. Tairi halikatiki kirahisi, ila kisu kikiwa na maji kinapita. Aling'oa misumari, akasogeza mikanda, akailegeza pale penye kifundo kilichovimba cha kidole gumba cha mama, jambo ambalo hakuambiwa na mtu. Alikata na kupima, akakata tena. Kiza kilipoanza kuingia mama alikuwa na katambuga zilizomkaa kuliko kiatu chochote nilichowahi kumnunulia, na baba alikuwa amejiachia sendozi za mjini tu, hana za kurudia.

"Watanicheka," mama akasema, akitazama miguu yake.

"Watacheka wakiwa nyuma yako," baba akamjibu.

Tuliondoka asubuhi na watu wa jumuiya, katekista mbele na msalaba wa mbao, kina mama na sare nilizowashonea. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Salamu za mwangaluka zilikuwa nyingi kuliko kawaida kwa sababu kila mtu alitaka kumsogelea baba ahakikishe ni yeye. Hakuna aliyetazama katambuga za mama. Wote walikuwa wanamtazama mume wake.

Mbugani udongo ulitupokea kama nilivyouogopa. Raba zangu mwenyewe, ambazo sikuwa nimezifikiria kwa sababu nilikuwa nafikiria za watu wengine, zilikuwa nzito kama matofali mawili. Katekista alivua vyake akavishika mkononi. Mama alipita. Tairi lilikanyaga, likaachia, likakanyaga, naye akawa anatangulia na kanga yake kiunoni akianzisha nyimbo. Baba naye sendozi zilimfuata vizuri, mishono yangu haikuachia hata mmoja, ila mkanda ambao hakuuzoea ulianza kumchuna kifundo. Niliona tu anachuma jani, analikunja na kulichomeka chini ya mkanda. Tulipokaa kula michembe ya viazi vikavu na karanga nilimwambia tubadilishane, akaniuliza kama nataka avae raba zile zilizobeba shamba la watu.

Tukafika chini ya kilima. Watu wote walikaa, wakaanza kuvua viatu. Ni desturi yao: njia ya kupanda hupandwa miguu mitupu, kwa heshima. Mama alijua siku zote, na hakuona umuhimu wa kuniambia.

Baba alitazama viatu vikipangwa safu. "Tumehangaika na viatu hivi, tumefika, tunavivua," akasema. Ndipo akasema yeye atabaki hapo kuvilinda. Kilima hakikuwa chake. Alikuwa amemsindikiza mama mpaka mahali pake, na hilo lilitosha. Mama hakubishana naye. Aliinua kanga kidogo akaanza kupanda.

Vituo vya kwanza vya njia ya msalaba alivipita vizuri. Njia ilikuwa ya mawe na mizizi, na watu walikuwa wanasimama kwenye kila kituo kusali, kwa hiyo goti lilipata nafasi ya kupumua. Lakini kilima kilipokaza, kati ya kituo na kituo, lilimkataa kabisa. Alisimama, akajaribu, akakaa kwenye jiwe. Wenzetu wakatupita wakiimba. Nilimpa bega langu akalikataa. Aliahidi miguu yake mwenyewe, si mabega ya binti yake. Akajaribu kuinuka tena, uso ukakunjamana, akakaa. Halafu akaanza kulia kimyakimya, akasema amemdanganya Mungu, na mtoto wangu ndiye atakayelipa.

Nilimwambia asiseme hivyo, nikasema kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwa sababu nami lilinitisha. Ndipo nilipomwona baba anapanda, miguu mitupu, kofia mkononi. Ameviacha viatu vya kigango kizima vijilinde vyenyewe.

Alifika akachuchumaa mbele ya mama. Nilidhani atamwambia warudi nyumbani. Alimuuliza linauma sana? Mama akamjibu linauma, arudi kwenye viatu vya watu. Baba hakurudi. Alikaa chini kabisa, akalitazama goti lile, na kuanza kusema bila kututazama.

"Mtoto alipolazwa, ninyi mlikuwa naye. Mimi nilikuwa na simu. Nilikwenda nayo machungani, nikilala naiweka kifuani. Kila ilipolia nilitaka kuitupa kwenye lambo. Mwaka huu nikawa nasikia unavyoinuka asubuhi na hilo goti. Nikasema, huyu ataondoka nalo, na mimi nitabaki na simu tena. Sitaweza. Ndiyo maana niliweka kijiti."

Mama alijifuta uso kwa pindo la kanga.

"Miaka yote hii nilidhani hukuogopa," akasema.

"Niliogopa sana," baba akasema.

Mimi ndiye mama wa mtoto yule. Nimewahi kumshukuru kila mtu aliyemshika, wauguzi, wanajumuiya, mama yangu hata sina hesabu. Sikuwahi kumuuliza baba zile siku zilikuwaje kwake. Kila nilipompigia alikuwa anasema haya, sawa, na kukata, nami nikadhani ndivyo alivyo. Nilimpenda pale kwenye mawe, na nilitamani kumwambia, lakini nilikuwa nalia.

Mama aliinuka. Sijui goti lilipata wapi nguvu, labda lilikuwa limepumzika vya kutosha. Baba hakumshika, alijua masharti. Alisogea tu upande wa kwenye mteremko, akawa anapanda anapopanda yeye, anasimama anaposimama yeye. Walikwenda hivyo, polepole sana, mpaka juu, na wenzetu walikuwa wameshamaliza nyimbo zao na wanatungoja.

Mama alisali kwa Kisukuma. Hakusali kirefu. Alimtaja mwanangu kwa jina, akasema amekuja kama alivyoahidi, na akasema amechelewa, asamehewe. Baba hakupiga magoti. Alisimama kando yake kichwa wazi, vifundo vimechubuka, akitazama mbuga kule chini. Watu waliitikia amina. Walipokwisha kuitikia, nilimsikia baba peke yake, kwa sauti ya chini, akisema wabeja, yaani asante, na kulitaja tena jina la mtoto. Sijui alikuwa anamwambia Mungu wa mama, au wazee wake wa nyuma ya zizi, au mama mwenyewe.